Nyota Mbele ya Neno

Farasi anapokwenda shoti, Mfaransa husema galoper. Ni kitenzi cha kila siku. Mtoto mdogo anakijua, mtangazaji wa mbio za farasi pale Longchamp anakitumia, na mtu mwenye haraka anaweza kukitumia kwa miguu yake mwenyewe. Ukiuliza kimetoka wapi, unaingia katika kazi ya mtu ambaye watu hawamwoni akifanya kazi: mwanaetimolojia, fundi wa asili za maneno. Hana nyundo wala tanuri. Ana kadi, kamusi, nakala za miswada ya kale, kanuni za mabadiliko ya sauti, na subira. Makala haya yanamfuata katika neno hilo moja, tangu analiokota hadi analiandika kwenye kamusi.

Anaanza na farasi kabla ya herufi, kwa kuwa huwezi kutafuta asili ya jina la mwendo usioujua. Farasi akitembea, vishindo ni vinne, kila kwato kwa zamu yake. Akienda matiti, vishindo ni viwili: mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto hutua pamoja, kisha jozi ya pili. Shoti ina mpango wake. Mguu mmoja wa nyuma hutua peke yake. Halafu mwenzake wa nyuma hutua pamoja na mguu wa mbele unaokingamana naye. Halafu hutua mguu wa mbele uliosalia. Baada ya vishindo hivyo vitatu mnyama mzima huwa hewani kwa kitambo kifupi, ndipo aanze upya. Akikazana kama afanyavyo mashindanoni, ile jozi ya katikati huachana na vishindo huwa vinne.

Kitambo hicho cha hewani kiliwasumbua wachoraji kwa muda mrefu. Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora mbio za Epsom, Uingereza, akawaonyesha farasi wamenyoosha miguu yote minne, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, wanaelea juu ya nyasi. Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alimpiga farasi jike aitwaye Sallie Gardner picha za mfululizo kwa kamera zilizopangwa safu. Picha zikathibitisha kwamba miguu yote huacha ardhi kweli, ila huiacha ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Mwanaetimolojia huliweka hilo akilini: mwendo anaoutafutia asili una mbio ndani yake, na una mruko ndani yake.

Kisha anawaangalia ndugu wa neno, yaani vitenzi vingine ambavyo Kifaransa kimeviweka kwa miendo ya farasi. Hapa anajifunza kutotarajia kitu. Ambler, mwendo wa farasi anayenyanyua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, umetoka katika Kilatini ambulare, kutembea. Cabrer, kusimama kwa miguu ya nyuma, umepitia lugha ya kusini mwa Ufaransa na una mbuzi ndani yake, capra wa Kilatini. Caracoler, kuzungukazunguka kwa madaha, umetoka Uhispania, ambako caracol ni konokono na gamba lake lililojipinda. Trotter, kwenda matiti, ni wa Kigermanik, wa jamii moja na vitenzi vya kukanyaga. Zizi ni moja, asili ni nne. Kwa hiyo galoper hawezi kupewa asili kwa kufuata majirani zake. Lazima apimwe mwenyewe.

Upimaji huanza kwa kukusanya. Kila mahali neno linapotokea katika maandishi, hunakiliwa kwenye kadi ya karatasi: umbo lake kama lilivyoandikwa, maana yake katika sentensi ile, maandishi yalikotoka, mwaka, na eneo. Neno likiandikwa kwa namna tano, zinanakiliwa zote tano, bila kusahihisha. Asiyeijua kazi hii angedhani tahajia za ovyo ni uchafu wa kupangusa. Mwanaetimolojia huzitunza kuliko kitu kingine, maana mwandishi wa kale asiyekuwa na kanuni moja ya tahajia mara nyingi aliandika kama alivyosikia, na alivyosikia ndicho kinachotafutwa.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa upana kuliko wengine katika Kifaransa ni Mswisi, Walther von Wartburg, aliyezaliwa mwaka 1888. Kamusi yake ya asili za maneno ya Kifaransa na lahaja zake, ambayo wataalamu huiita FEW kwa kifupi cha jina lake la Kijerumani, ilianza kuchapishwa mwaka 1922, kitabu kidogo baada ya kitabu kidogo. Ilihama pamoja naye kutoka chuo kikuu hadi chuo kikuu, ikapita Leipzig, ikatulia Basel. Yeye alifariki mwaka 1971 kazi ikiwa bado mezani. Wengine wakaipokea. Juzuu zilipofika 25, ulikuwa mwaka 2002.

Kadi za galoper zikishapangwa kwa miaka, ya zamani kabisa huvutwa mbele. Tunafika katika Chanson de Roland, utenzi wa vita wenye mistari ipatayo 4,000, uliotungwa karibu na mwaka 1100. Utenzi umejaa farasi, na msomaji angetegemea neno letu lijitokeze chini ya mpanda farasi mwenye mkuki. Halitokei hivyo tu. Katika ndoto ya Karolo Mkuu, ambaye Wafaransa humwita Charlemagne, mbwa wa kuwinda anatoka ukumbini na kumjia mfalme, na mwendo wake unatajwa kwa jina la wingi, galops, likifuatana na jina la miruko. Kadi hiyo moja inamwonya mwanaetimolojia mambo mawili. La kwanza, katika karne ya 12 neno halikuwa limefungwa kwa farasi peke yake. La pili, tangu mapema lilikaa karibu na kuruka.

Tarehe nayo hupimwa. Utenzi ulitungwa karibu na mwaka 1100, lakini mswada wake maarufu, uliohifadhiwa Oxford, ulinakiliwa miongo kadhaa baadaye, kwa mkono wa mtu aliyezungumza Kifaransa cha Uingereza. Tahajia ni ya nani basi, mtunzi au mnakili? Mwanaetimolojia hawezi kuamua kwa kupenda. Anaandika tarehe zote mbili kwenye kadi na kusonga mbele.

Sasa ana jina, galop, na ana kitenzi, galoper. Kipi kimezaa kingine? Kifaransa kina tabia ya kukata mwisho wa kitenzi na kupata jina: crier, kupiga kelele, kumetoa cri, voler, kuruka kwa mabawa, kumetoa vol. Galop ina sura hiyo hiyo, fupi, isiyo na kiambishi cha kuunda majina. Dalili zinasema kitenzi ndicho mzazi, hata kama jina ndilo lililobahatika kuandikwa mapema. Kwa hiyo anaweka jina kando kwa muda na kushika kitenzi.

Hapo ndipo kadi za kaskazini zinapofanya kazi. Katika maandishi ya Picardy na nchi jirani, kitenzi hiki hakiandikwi galoper. Kinaandikwa waloper. Farasi ni yule yule, mwendo ule ule, ila pale palipo na g kusini pana w kaskazini. Asiye fundi angeiona tofauti hiyo kuwa matamshi ya mashambani. Fundi anajua kwamba amepata mlango.

Hauamini kwanza, anaujaribu kwa maneno mengine. Kulinda ni garder katika Kifaransa cha Paris, na warder katika Kipikardi. Vita ni guerre kwa upande mmoja. Kaskazini ilikuwa werre, na umbo hilo ndilo Wanormandi walilolivusha bahari likawa war ya Kiingereza. Guillaume wa Paris ni Willaume wa kaskazini na William wa ng'ambo. Kila mara g iko upande mmoja wa mstari na w upande wa pili, na kila mara asili yake ni neno la Kigermanik lililoanza kwa w. Vinywa vya Paris na kusini vilipopokea sauti hiyo, viliiongezea g mbele, ikawa gw, kisha w ikayeyuka. Kaskazini waliipokea wakaiacha.

Msomaji wa Kiswahili ana mabaki ya mstari huo katika lugha yake mwenyewe. Gadi, mlinzi, ametujia kutoka Kiingereza guard, nacho kilimtoa upande wa g. Waranti ya polisi imetujia kutoka warrant, nacho kilimtoa upande wa w. Huko Paris ndugu yake ni garant. Maneno mawili yaliyovuka bahari kutoka pande mbili za mpaka wa lahaja yamekutana katika kituo kimoja cha polisi, yamebaki na alama zao.

Mpaka wenyewe uliwahi kupimwa kwa miguu na magurudumu. Kati ya mwaka 1897 na 1901, Edmond Edmont, mwenye duka wa mji mdogo wa Saint-Pol katika nchi ya Kipikardi, aliyekuwa na sikio kali kupita kiasi, alizunguka Ufaransa akiwauliza wenyeji maswali yale yale na kuandika majibu papo hapo kama yalivyotamkwa. Alipita vituo 639. Jules Gilliéron, profesa aliyemtuma, alizigeuza karatasi hizo kuwa atlasi ya lahaja, iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka 1902. Ukifungua ramani zake unaona sauti zikiwa zimeandikwa juu ya vijiji, na mwanaetimolojia anaweza kupita kwa kidole kutoka kituo hadi kituo mpaka g inapogeuka w. Pwani yetu inaifahamu kazi ya namna hiyo kupitia Mfaransa mwingine, padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka mwaka 1939, haikuridhika na Kiunguja. Iliandika na kutia alama maneno ya Kiamu, Kimvita, Kingazija na lahaja nyingine. Sababu ni moja: lahaja huhifadhi kile ambacho lugha ya mji mkuu imekisahau.

Kwa w hiyo moja, mwanaetimolojia anaweza sasa kufanya sehemu ngumu ya kazi, yaani kukataa. Walikuwapo wasomi waliolivuta neno hili hadi Ugiriki, kwenye kalpe, jina la mbio za farasi jike zilizowahi kushindanwa Olimpia. Maana ilipendeza, na heshima ya Ugiriki ilikuwa kubwa. Lakini k ya Kigiriki haina njia ya kufika kuwa w katika Kipikardi. Wengine walidhani ga- ya mwanzo ni kiambishi cha Kigermanik, kile ambacho Kigothi kilikiweka mbele ya vitenzi vingi. Dhana hiyo ilikuwa karibu zaidi na ukweli, maana ililiona vizuri shina la pili la neno. Nayo imeshindwa pale pale: kama neno lingeanza kwa ga- tangu asili, watu wa kaskazini wasingekuwa na w ya kuitunza. Dhana mbili zenye umri mrefu zimeondolewa na herufi moja, bila kelele.

Hata baada ya hapo hajaridhika. Anatafuta ushahidi wa pili, ambao hautegemei ule wa kwanza. Anaitazama g ya Paris mbele ya a. Maneno ya Kilatini yaliyokuwa na ga mwanzoni hayakubaki hivyo katika Kifaransa: gamba imekuwa jambe, mguu, gaudia imekuwa joie, furaha, galbinus imekuwa jaune, rangi ya manjano. Zote zimelainika zikawa j. Lau galoper angekuwa na g ya kale, leo farasi wa Paris angekwenda kwa kitenzi kinachoanza na ja. G yake ni ngumu, kwa hiyo ilizaliwa badiliko hilo lilipokwisha kupita. Shahidi wa Kipikardi na shahidi wa Paris hawakushauriana, na wamesema jambo moja.

Mwanzo wa neno umekaa. Anageukia nusu ya pili, -loper. Analinganisha ndugu wa Kigermanik wanaofanana nayo: Kiingereza kina leap, kuruka, Kijerumani kina laufen, kukimbia, Kiholanzi kina lopen, ambacho siku hizi ni kutembea. Shina ni moja na limegawana miendo mitatu. Maandishi ya zamani ya lugha hizo yanaonyesha kwamba shina lilianza kwa hl na lilikuwa na irabu pacha katikati: hlaupan. Sasa anapima kama seremala anayejaribu ulimi wa mbao kwenye tundu lake kabla ya kupaka gundi. H ya mbele ya l haikuwa na nafasi kinywani mwa wasemaji wa Kilatini cha Gallia, jina la kale la nchi ya Ufaransa, ikaanguka. Irabu pacha au ikasogea ikawa o. Mwisho wa kitenzi wa Kigermanik ukaondoka, ukaja ule wa vitenzi vya Kilatini ambao leo ni -er. Sehemu hizo zinaingiana.

P ndiyo inayokwama kidogo, na fundi hasukumi. P ya Kilatini iliyosimama peke yake kati ya irabu mbili haikubaki p katika Kifaransa. Ilidhoofika ikawa v. Ripa, ukingo wa mto, umekuwa rive. Sapere, kujua, kumekuwa savoir. Capillus, unywele, umekuwa cheveu. Mbona basi p ya galoper imebaki? Jibu lenye nguvu ni la wakati: neno liliingia, au liliunganishwa, baada ya badiliko hilo kumaliza kazi yake. P hiyo hiyo inatoa habari nyingine. Wajerumani wa nyanda za juu waliigeuza p kuwa f, ndiyo maana wanasema laufen. Kifaransa hakina f hapa. Kwa hiyo waliotoa neno hili walikuwa watu ambao kwao p ilikuwa bado p, kama ilivyo hadi leo kwa Waholanzi na Waingereza.

Maelekezo yote hayo yanaelekea kwa kundi moja la watu, Wafaranki. Walikuwa wasemaji wa Kigermanik walioingia Gallia kutoka upande wa mto Rhine, na chini ya mfalme Clovis, aliyetawala kutoka mwaka 481 hadi 511, waliishika sehemu kubwa ya nchi. Waliwaachia wenyeji jina la nchi yenyewe, Ufaransa, na mamia ya maneno ya vita, ulinzi na maisha ya ukoo. Baadaye wakaiacha lugha yao na kusema ile ya waliowatawala. Kifaranki karibu hakikuandikwa kabisa. Kimebaki katika majina ya watu, katika maneno machache yaliyochanganywa ndani ya sheria zilizoandikwa kwa Kilatini, na katika vinywa vya Wafaransa ambao hawajui kwamba wanakisema.

Kwa hiyo mwanaetimolojia hawezi kufungua kitabu cha Kifaranki na kukiona kitenzi anachokitafuta. Lazima akiunde. Anachukua w ya Kipikardi, a inayoifuata, l, shina hlaupan lenye p yake, anaviunganisha, na kuandika: *walahlaupan. Kwanza kabisa anaweka ile nyota mbele. Katika taaluma hii nyota ina maana moja kavu: umbo hili halijaonekana katika andiko lolote, limejengwa kwa hesabu. Ni ukiri ulioandikwa kwa alama moja, na kila mwenye taaluma akiuona anajua mahali ushahidi unapoishia na ujenzi unapoanzia.

Inabaki maana ya ile sehemu ya kwanza, na hapo anakutana na jaribu lake kubwa. Kuna njia mbili. Ya kwanza inasema kipande wala- ni vizuri, ndugu wa well ya Kiingereza, wel ya Kiholanzi na wohl ya Kijerumani. Basi kitenzi kizima ni kukimbia vizuri, au kuruka vizuri. Ya pili inasema ni wal, neno la Kigermanik lililohusu waliokufa vitani na uwanja walikoangukia, lile lile lililomo katika Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliouawa. Kwa njia hiyo kungekuwa na jina, *walhlaup, mbio za uwanja wa vita, na kitenzi kingezaliwa humo. Msimulizi yeyote angechagua ya pili. Ina farasi, ina ngao, ina vumbi, ina Wafaranki wakishuka mlimani.

Mwanaetimolojia anaziweka mezani zote mbili na kuhesabu gharama. Ile ya wala- inadai silabi moja imemezwa, kwa kuwa la na hlau zilipokutana zilifuatana l mbili karibu mno. Jambo hilo ni la kawaida katika lugha, lakini ni deni. Ile ya wal haidai silabi, ila inadai jina ambalo halijaonekana popote katika lugha yoyote ya Kigermanik, na inataka maana ya vita ambayo kadi za mwanzo za Kifaransa haziionyeshi: mbwa wa ndotoni hakuwa kwenye uwanja wa vita. Kamusi nyingi za leo zinaitanguliza njia ya kwanza, ile isiyo na hadithi. Kukimbia vizuri, basi. Na kwa kuwa hlaupan lilibeba mbio na mruko kwa pamoja, linaukaa mwendo wenyewe bila kubana: vishindo vitatu, kisha hewani.

Tuangalie sasa anavyoandika. Kazi yote tuliyoifuata huingia katika mistari michache ya chapa ndogo. Wartburg alipanga kamusi yake kwa asili, si kwa maneno ya leo. Kwa hiyo anayelitafuta galoper chini ya G hatalikuta. Liko chini ya W, katika juzuu za mwisho kati ya zile za maneno ya Kigermanik, chini ya nyota yake. Yafuata maumbo ya Kifaransa cha kale, kisha ya lahaja, kila moja na kifupi cha mahali pake, kila moja na tarehe yake, yametenganishwa kwa koma. Yafuata maana zilizozaliwa baadaye. Hakuna sifa wala mshangao. Msomaji asiyezoea huona ukurasa mweusi wa vifupisho na kuufunga. Aliyezoea huona kwamba kila koma ni safari ya mtu hadi kwenye mswada, na kwamba mpangilio wenyewe ndio hoja: ukiweka umbo moja mahali pasipo pake, jengo linapinda.

Neno lenyewe halikusubiri. Waitalia walilichukua wakasema galoppare, Wahispania galopar. Waingereza walilichukua mara mbili, kutoka pande zote mbili za mstari: gallop kutoka upande wa g, na wallop kutoka upande wa w, ambalo nalo zamani lilikuwa kwenda shoti kabla halijaishia kuwa kipigo kizito. Wajerumani, waliokuwa nalo shina tangu jadi katika laufen, walilipokea tena kutoka kwa majirani wao likiwa limevaa nguo za kigeni, galoppieren. Leo wanayo yote mawili, mtoto wa nyumbani na jamaa aliyerudi kutoka safarini, na wachache wanaojua kuwa ni ukoo mmoja.

Jambo la mwisho la kustaajabia katika kazi hii ni namna inavyojitendea yenyewe. Kamusi ya Wartburg ilianza na herufi A mwaka 1922. Waliofanya kazi hiyo walipokaribia mwisho, waliona kwamba herufi ile ya kwanza ilikuwa imezeeka. Kadi mpya zilikuwa zimejitokeza, tarehe zimerudi nyuma, baadhi ya asili zimebadilika. Hawakufunga kitabu na kupongezana. Waliirudia A tangu mwanzo, na juzuu hiyo ya 25 iliyokamilika mwaka 2002 ni sehemu ya marudio hayo. Baada ya miaka 80 ya uchapishaji, walikuwa wamefika tena katika herufi ya kwanza, na wakaiona kuwa kazi halali kama nyingine yoyote.

Ndivyo galoper anavyosimama kwenye ukurasa wake: amekamilika, na anaweza kusahihishwa. Kesho mtu akikuta ngozi ya zamani kuliko Chanson de Roland yenye kitenzi hiki, tarehe itabadilika na kadi mpya itawekwa mbele ya zote. Akikuta andiko la Kifaranki lenye neno zima, nyota itafutwa. Akikuta walhlaup katika andiko la kale, hesabu kati ya njia mbili itafanywa upya, na pengine hadithi ya vita itarudi mezani kwa haki. W ya Picardy haitaondoka. Yeyote atakayekuja na asili mpya ya galoper atalazimika kueleza, kabla ya jambo jingine lolote, ilikotoka.